Kuchambua Shanga ni Kazi, na Ujiji ni Shahidi

Yapo maneno mawili yanayosemwa kuhusu shanga, na mtu aweza kuyasikia yote mawili kwa siku moja bila kutambua kwamba yametoka shina moja. La kwanza husemwa darasani na kurudiwa majukwaani: mababu zetu walitoa pembe za ndovu wakapewa shanga, yaani walitoa mali wakapokea takataka, kwa kuwa hawakujua thamani ya walichokuwa nacho. La pili husemwa nyumbani na sokoni: mwanamke aliyekaa asubuhi nzima akitenga shanga, nyekundu kwa nyekundu, nene kwa nene, nyembamba kwa nyembamba, huyo bado hajaanza kazi, ataanza atakapotia uzi kwenye sindano. Anayesema la kwanza hudhani anatetea historia, na anayesema la pili hudhani anatetea bidii. Wote wawili wanakosea mahali pamoja. Wanaona kipande cha kioo chenye tundu, hawaioni kazi iliyokipa kipande hicho nafasi yake. Ninachodai hapa ni kwamba ushanga peke yake hauna thamani ya kusimuliwa. Thamani huingia pale mtu mwenye ujuzi anapouchambua, anapoupima, anapouweka pamoja na wenzake na kujua unakwenda wapi. Watu wa Ujiji wa karne ya 19 walilijua hilo kiasi cha kuendesha soko zima juu yake. Sisi tuliorithi mwambao huo wa Ziwa Tanganyika tumelisahau, na usahaulifu wetu una gharama inayolipwa kila siku na wale wanaoishi kwa kutunga shanga.

Tuanze na safari ya ushanga kuja ziwani. Katikati ya karne ya 19 shanga nyingi zilizopitia Unguja zilitoka Venice, na pale Unguja ziliuzwa kwa uzito, kwa frasila, kipimo cha takriban kilo 16. Richard Burton, aliyefika Ujiji pamoja na John Speke Februari 1858, aliandika kwamba aina za shanga katika biashara hiyo zilikaribia 400, na baadhi yake zilikuwa na majina matatu au manne. Mwenye msafara aliyedhani kwamba shanga zote ni shanga tu alikuwa ameshapata hasara kabla mpagazi wa kwanza hajatwika mzigo. Henry Morton Stanley, alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta mmisionari na mpelelezi David Livingstone, alieleza jinsi hesabu hiyo ilivyomhangaisha. Shanga nyeusi zilikuwa fedha Ugogo na hazikuwa kitu kwa watu wengine. Nyeupe zilipendwa Ufipa lakini Ukonongo hazikuangaliwa. Sungomaji, zile kubwa zenye umbo la yai, zilikuwa na thamani Ujiji na Uguha ng'ambo ya ziwa, na kwingineko zingekataliwa. Ilimbidi akisie atakaa siku ngapi katika kila nchi ili anunue kiasi cha kila aina kisichopungua wala kuzidi mno, na mwisho akaondoka na magunia 22. Akataja na mfano uliomtia hofu: Burton na Speke walilazimika kutupa mamia ya mafundo (vifungu vya nyuzi) ya shanga, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuzipokea.

Jambo hilo la kutupa linatosha kuivunja hadithi ya mababu waliohadaiwa. Kama shanga zingekuwa chambo cha kumnasia asiyejua kitu, rangi yoyote ingetosha na ukubwa wowote ungependeza, maana asiyejua hachagui. Kumbe aliyechagua ni mwenyeji, na aliyebahatisha ni mgeni. Habari ya rangi gani inatakiwa wapi ilikuwa mali ghali. Ilirudi na misafara kutoka Ujiji na Tabora hadi Pwani, ikaingia kwenye maghala ya Unguja, na kutoka hapo ikavuka bahari kuwafikia waliotengeneza. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake Domesticating the World cha mwaka 2008, ameonyesha kwa urefu jinsi matakwa ya wanunuzi wa Afrika Mashariki yalivyoelekeza uzalishaji wa viwanda vya mbali, katika nguo na katika bidhaa nyingine. Aliyetengeneza rangi isiyotakiwa alikuwa ametengeneza hasara. Mwanamke wa kando ya ziwa aliyeitazama kete (uzi mmoja) ya shanga, akaigeuzageuza mkononi na kuirudisha, alikuwa anatoa hukumu ambayo mfanyabiashara hakuwa na mahali pa kuikatia rufaa. Hukumu ya namna hiyo haitoki kwa mtu anayeshangaa kioo kinachong'aa. Inatoka kwa mtu mwenye jicho lililozoea kutenganisha kilicho sawa na kinachokaribia kuwa sawa.

Ujiji ulikwenda mbali zaidi ya kuchagua. Katika soko lake shanga moja mahsusi, sofi, ilitumika kama fedha ya kila siku. Burton aliieleza kuwa inafanana na vipande vya shina la kiko lililovunjika, yenye urefu wa theluthi mbili za inchi, nayo ilikuwa nyeupe, nyekundu ya tofali au nyeusi. Kipimo chake kilikuwa kete, yaani uzi wenye urefu wa mara mbili kutoka kidole gumba hadi kiwiko, na kete 10 zilifanya fundo. Burton huyo huyo anasema kete moja ya sofi ilikuwa na shanga 55 hadi 60. Hebu tupige hesabu. Theluthi mbili za inchi ni kama sentimita 1.7, na shanga 57 za urefu huo zikipangwa kwenye uzi zinakaribia mita moja. Kipimo cha mkono na kipimo cha hesabu vinakaribiana. Makubaliano hayo hayawezi kutokea kwa bahati. Yanawezekana tu pale shanga zilizo fupi kupita kiasi zilipoondolewa, zilizovunjika zilipotengwa, na zilizobaki zilipokuwa sawa kiasi kwamba mtu mwenye kuhesabu na mtu mwenye kupima kwa mkono hawagombani. Kila fundo lililoingia sokoni lilikuwa limeshapita mikononi mwa mtu aliyelichambua. Bila kazi hiyo, muuza samaki angelazimika kukagua mamia ya vipande kabla ya kutoa samaki mmoja, na soko lingekufa kabla ya saa sita mchana.

Shahidi wa pili ni Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874 akielekea Atlantiki. Katika kitabu chake cha mwaka 1877 anaeleza jinsi soko lilivyofunguliwa: watu wenye mifuko iliyojaa sofi walikaa tayari, wakawapa wanunuzi sofi na kupokea kutoka kwao shanga za aina nyingine. Soko lilipofungwa, watu hao hao walizipokea sofi kutoka kwa wauzaji na kuwarudishia walichotaka, wakipata faida yao asubuhi na jioni. Cameron aliwaona mara moja kuwa ni wabadilisha fedha. Tuitazame kazi yao kwa macho ya mtu wa mikono. Asubuhi mfuko mmoja wenye sofi tupu. Mchana mifuko yenye shanga za kila rangi na kila unene zilizoingia kutoka Urundi, Uvinza, Uguha na kwa wapagazi wa Kinyamwezi. Jioni kila kitu kirudi mahali pake, kihesabiwe, kitungwe upya, kiwe tayari kwa kesho. Aliyechanganya aina mbili alikuwa amepoteza mtaji, kwa sababu tofauti ya aina ndiyo iliyokuwa tofauti ya bei. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la watu hawa lilikuwa uzi. Kwa kuwa kila kilichotoka asubuhi kilirudi mikononi mwao jioni, nadhani hapakuwa na mtu aliyejua vizuri kuliko wao ni sofi ngapi zilikuwa zinazunguka mjini. Huo ni ujuzi ambao leo tunaujengea ofisi.

Upande wa pili wa bahari kazi hiyo hiyo ilikuwa inafanyika, nayo pia ilikuwa imefichwa. Shanga ndogo za Venice, baada ya kukatwa kutoka kwenye mirija ya kioo na kulainishwa kwa moto, zilipitishwa kwenye chekecheke ili zitengwe kwa ukubwa. Kisha zilipelekwa majumbani na vichochoroni kwa wanawake walioitwa impiraresse, ambao waliketi na sinia la mbao magotini, wakashika sindano ndefu nyingi kama kipepeo cha mkono, wakazichovya katika shanga hadi kila sindano ijae, na kuzihamishia kwenye nyuzi za urefu uliopangwa. Walilipwa kidogo mno, kwa hoja tunayoifahamu: kwamba hiyo ni shughuli ya kupitisha muda, hufanywa mlangoni huku mtu akizungumza na jirani. Mwaka 1904 waligoma. Mgomo huo una maana kwetu. Kazi hiyo ingekuwa ya kupitisha muda tu, kusimama kwake kusingemuumiza mtu. Ushanga uliofika Kawele, mtaa wa kale wa Ujiji, ulikuwa umechambuliwa Venice, umepimwa Unguja, umetungwa upya kwa safari na kuchambuliwa tena kando ya ziwa. Kioo kilikuwa rahisi. Mnyororo huo wa mikono ndio uliokifanya kiwe fedha. Anayeuita ushanga takataka ameifuta mikono yote hiyo kwa neno moja.

Nitajibiwa kwamba pamoja na yote hayo, biashara haikuwa ya haki: pembe iliyouzwa kwa faida kubwa London ilitoka huku kwa vitu vya bei ndogo. Ni kweli, na sina nia ya kuipunguza kweli hiyo. Lakini tuangalie sababu yake. Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuchapisha mwaka 1972 kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, aliijenga hoja yake juu ya nani anamiliki uzalishaji, meli na silaha. Hoja ya namna hiyo haihitaji mababu wajinga. Mfanyabiashara wa Ujiji hakuwa na jahazi la kwenda Bombay wala benki ya kumkopesha. Mikopo ya misafara ilitoka kwa matajiri wa Unguja kama Jairam Sewji na baadaye Taria Topan. Aliye mwisho wa mnyororo wa mikopo hupunjwa hata akiwa na akili kuliko wote waliomtangulia, kama mkulima wa pamba au kahawa anavyoweza kupunjwa leo huku akijua daraja la zao lake barabara. Tukisema walipunjwa kwa sababu hawakujua thamani, tumemwondolea lawama mwenye nguvu na kumtwika aliyeonewa. Hadithi ya takataka inajivika vazi la uzalendo, lakini ndani yake imebeba dharau ile ile ya mgeni aliyeandika kwamba Mwafrika hupumbazwa na vitu vinavyong'aa.

Pingamizi zito zaidi ni la utumwa. Ujiji ulikuwa kituo cha biashara ya watu. Waliotekwa Manyema na kwingineko magharibi mwa ziwa walivushwa kwa mitumbwi, wakapitishwa mjini hapa na kupelekwa Tabora na Pwani. Je, kulisifu soko la sofi si kulipamba soko lililouza binadamu? Jibu langu ni kwamba uovu huo lazima utajwe kila Ujiji unapotajwa, nami nautaja. Lakini sofi ilikuwa hasa fedha ya chakula na mahitaji madogo: samaki, nafaka, mihogo, mawese, chumvi iliyoletwa kutoka chemchemi za Uvinza. Mtumwa na pembe vilinunuliwa zaidi kwa nguo, bunduki na baruti. Na hata kama mipaka hiyo ilivukwa, na bila shaka ilivukwa, ustadi wa kupima na kupanga hauwi batili kwa sababu ulitumika katika mji wenye dhuluma. Hatuwanyimi mabaharia wa Pwani ujuzi wao wa nyota eti kwa kuwa baadhi ya majahazi yalibeba watumwa. Tunauhukumu uovu, na tunauhifadhi ujuzi wa watu wa kawaida ambao wengi wao hawakuwa na mtumwa wa kuuza, ila walikuwa na kapu la dagaa na haki ya kulipwa kwa shanga zilizo kamili. Isitoshe, soko hilo lilikoma. Utawala wa Kijerumani ulipoingia ziwani miaka ya 1890 na kuleta rupia, sofi iliondoka kwenye nafasi yake ya fedha. Kilichopaswa kubaki ni elimu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye leo, kwenye lile neno la pili la nyumbani na sokoni. Shanga zinazotungwa sasa ni ndogo kuliko sofi, na hitaji la kuzichambua limeongezeka. Shanga zinazotoka Jablonec, katika Jamhuri ya Czech, ambazo watungaji wa Kimaasai wamezizoea tangu zamani, husifika kwa usawa wake. Zile za bei nafuu zinazoletwa kwa wingi kutoka China mara nyingi hutofautiana unene hata ndani ya pakiti moja, na tundu la nyingine limeziba au ni jembamba kiasi cha kukataa sindano. Zikitungwa jinsi zilivyo, matokeo yanajulikana. Ushanga mmoja mnene katikati ya safu huisukuma safu yote ipinde. Mwembamba huacha pengo ambalo uzi unaonekana. Wenye ukingo mkali hukata uzi baada ya wiki chache, na mnunuzi harudi tena. Rangi nayo ina hila yake: bluu ya pakiti ya leo na bluu ya pakiti ya mwezi ujao zinaweza kupishana kidogo, na tofauti hiyo isiyoonekana kwenye kiganja hujitokeza kama kovu kwenye mkufu mpana. Yote haya hayawezi kurekebishwa na mshono mzuri. Hurekebishwa kabla ya mshono. Pale mwalo wa Kibirizi hakuna anayemwambia mama anayeondoa mchanga na takataka kwenye dagaa kwamba bado hajaanza kazi. Kila mtu anajua kuwa dagaa safi wana bei yao na wenye mchanga wana yao. Mji unaolijua hilo kwa dagaa hauna udhuru wa kutolijua kwa shanga.

Wapo mafundi, tena wenye vipaji, wanaosema mpangilio huua ubunifu: mwaga shanga zote kwenye sinia moja, acha jicho liokote, na mkufu mzuri utazaliwa kutokana na mchanganyiko. Sipingi mkufu wa mchanganyiko. Upo na unapendeza. Ninachopinga ni kudhani kwamba umezaliwa na vurugu. Anayeokota nyekundu tatu, njano moja na nyeusi mbili kutoka kwenye sinia anachambua, ila anachambua ushanga mmoja kwa wakati, na atairudia kazi hiyo kwa kila mstari na kila mkufu mpaka macho yachoke. Aliyetenga kwanza ameifanya mara moja. Zaidi ya hayo, mchanganyiko mzuri huwa na uwiano, na uwiano hauonekani mpaka kila rangi iwe imekaa peke yake, mtu akaona anazo nyekundu za kutosha mikufu miwili na za kijani hazitoshi hata mmoja. Mteja akirudi kutaka mwenzake wa mkufu ule, fundi wa sinia moja hawezi kuahidi kitu. Mwenye shanga zilizotengwa anajua palepale kama anaweza. Ubunifu usioweza kurudiwa unapoombwa haujawa ufundi, na mteja anayeagiza vipande 20 vinavyofanana hatasubiri bahati.

Pingamizi lingine ni la umaskini, nalo linastahili jibu la heshima. Chumba cha kupanga cha Gungu au Mwanga kina kitanda, jiko na watoto. Meza ya kazi itawekwa wapi, na visanduku vya vyumba vingi vitanunuliwa kwa fedha gani? Waliochukulia kwamba utaratibu ni samani ndio walioleta mkanganyiko huu. Wabadilishaji wa Ujiji hawakuwa na kabati. Walikuwa na mifuko na nyuzi, na uzi ndio ghala bora kuliko yote kwa mtu asiye na nafasi: shanga zilizotungwa haziviringiki uvunguni, hazimwagiki mtoto akipita, huhesabika kwa kutazama, na huning'inia kwenye msumari mmoja ukutani. Fundi wa leo anaweza kurejesha kete na fundo kama kipimo cha nyumbani, kila kete rangi moja na unene mmoja, akajua kwa mtazamo kilichobaki na kinachotakiwa kununuliwa. Kwa zinazotumika siku hiyo, sinia lenye ukingo lililotandikwa kitambaa cheupe kisichoteleza linatosha: kitambaa huzuia ushanga kuruka, na weupe wake hufichua rangi iliyoingia isipohusika. Makopo ya plastiki yenye vifuniko, kila kifuniko kikiwa kimefungwa ushanga mmoja wa aina iliyomo, hayahitaji maandishi. Mahali ni mlangoni au dirishani palipo na mwanga wa asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kupekua, na rangi zichaguliwe mchana, kwa kuwa taa ya usiku hudanganya bluu na kijani. Kabla ya kuinuka, kila ushanga urudi kwenye aina yake, kama sofi zilivyorudi mifukoni soko lilipofungwa. Hakuna hata kimoja katika haya kinachohitaji mkopo. Maskini ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya utaratibu, kwa sababu shanga zilizochanganyika na kupotea zinatoka kwenye mtaji ambao hana pa kuujazia.

Mwisho nitaambiwa kwamba soko halilipi. Mnunuzi anaona mkufu, hauoni muda wa kuchambua, na hawezi kulipia asichokiona. Hoja hii ina nguvu, lakini inaelekeza lawama kusiko. Mnunuzi hawezi kuona saa za kuchambua ikiwa muuzaji mwenyewe hazihesabu. Tuseme mkufu umechukua saa tisa: tatu za kuchambua na kupanga, sita za kutunga. Anayepiga bei kwa saa sita amejikata theluthi ya ujira kwa mkono wake, na mara nyingi atakayekuja kununua kwa jumla ataanza kukata kutoka hapo. Bei ianze kwenye saa tisa, hata kama itashuka katika kupatana. Angalau kila upande ujue kinachoachwa. Vikundi vya wanawake na vijana vinavyoomba mkopo kutoka ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri viandike kwenye maandiko yao ya miradi mwanga, sinia, vyombo na muda wa kuchambua, sambamba na shanga na uzi, maana gharama isiyoandikwa hulipwa na mtu, na mtu huyo ni fundi. Na katika kikundi, anayechambua apewe fungu lake kwa jina la kazi yake. Mara nyingi huyu ni bibi ambaye macho yake yamechoka kwa sindano lakini vidole vyake vinaujua unene, au msichana anayejifunza. Kumwita msaidizi asiyelipwa ni kurudia waliyofanyiwa wanawake wa Venice kabla hawajagoma.

Dunia inautaja Ujiji kwa salamu ya mgeni mmoja, Stanley, kwa mgeni mwenzake, Livingstone, mwaka 1871, na lipo jiwe la kumbukumbu la jambo hilo. Sina ugomvi na jiwe. Ugomvi wangu ni na elimu inayomfundisha mtoto wa Kigoma ni nani walikutana pale chini ya mwembe bila kumfundisha kwamba hatua chache kutoka hapo kulikuwa na watu waliobadilisha fedha kila asubuhi na kila jioni, waliojua mamia ya vipande vya kioo kwa kugusa, na waliowalazimisha wafanyabiashara wa mabara mawili kuheshimu uchaguzi wao. Mtoto huyo apewe kete mkononi na aulizwe: ni shanga ngapi, zinalingana, zipi ungezikataa, kwa nini? Akijibu maswali hayo atakuwa amejifunza hesabu, historia na ufundi kwa pamoja, na hatamwambia mama yake kwamba anapoteza muda. Mwalimu aache kusema takataka. Afisa maendeleo ya jamii aanze mafunzo ya shanga kwenye kuchambua kabla ya mitindo. Fundi aandike saa zake zote, ya kwanza mpaka ya mwisho, na azidai. Wazee wa soko la Ujiji hawakumpa mtu sofi hata moja bila kuchukua faida ya kazi ya kuipanga, na hawakumwomba yeyote radhi kwa hilo. Mtunga shanga wa leo naye asiombe.